Gundi Isiyofunguka

Kosa langu la kwanza lilikuwa gundi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nakaa Woolwich, na nilikuwa najifundisha kutengeneza udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwa kutazama video kwenye simu, nikizisimamisha kila baada ya sekunde chache ili nichore nilichokiona. Mafundi wote niliowatazama walitumia gundi ya ngozi, ile inayopashwa moto kwenye kikopo na kunuka kama kwato zilizoungua. Sababu waliieleza: gundi hiyo hufunguka. Ukipitisha kisu cha moto na mvuke kidogo, uso wa udi, ile mbao ya mbele, unaachia, unaingia ndani, unarekebisha ulipokosea, unafunga tena. Mimi nilisikiliza nikaona hayo ni maneno ya watu waliozoea kukosea. Nikaenda dukani nikanunua gundi ya kisasa, nyeupe, ambayo chupa yake iliapa kwamba ikishakauka, mbao itavunjika kabla yake. Nilitaka hiyo. Sikuona haja ya kuacha mlango kwenye nyumba ambayo sikukusudia kuingia tena.

Gundi hiyo nimeikumbuka mwezi uliopita, Zuhura binti Kombo aliponipigia simu. Baba yake alikuwa amezikwa wiki tatu kabla, na mazishini nilisimama nyuma kabisa, karibu na geti, kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Zuhura alisema anahamisha vitu vya Mzee kwa sababu kaunsili, wenye nyumba, wanataka funguo za flati, na chini ya kitanda amekuta kitu changu. "Kitu gani, Da Zuhura?" nikamuuliza. Yeye amezaliwa hapa London. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na maneno yake mengi humu nimeyageuza mimi. Lakini hili alilisema kwa Kiswahili: "Njoo ukione." Kwa miaka saba nilikuwa naogopa siku atakayoniambia kwa mdomo wake kile ninachokijua tayari, kwamba baba yake alikuwa na muda mfupi wa vidole vyake na mimi niliumaliza wote kwa kupiga msasa.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya kwanza, juu ya flati ya Mzee Kombo. Yeye alikaa chini kabisa, jiko lake likipakana na chumba cha mapipa ya taka, na kazi yake kubwa tangu astaafu ilikuwa kulalamikia mlango wa chumba kile. Kila aliyetupa mfuko akaacha mlango ujifunge kwa kishindo alisikia jina lake likitajwa dirishani. Kazi yangu ilikuwa Hayes, kwenye ghala linalopanga vyakula vya abiria wa ndege. Nilitoka kabla ya alfajiri na kurudi saa kumi alasiri, treni ikikata London yote kutoka upande mmoja hadi mwingine, na njia nzima nilichora. Nina daftari tatu za michoro ya treni. Humo mna udi kumi na mbili ambazo hazikutengenezwa, kila moja ikiwa na vipimo mpaka nusu ya milimita, kwa sababu mchoro haukuwahi kuniaibisha. Chumbani sikuwa na meza ya kazi. Nilisimamisha godoro ukutani nikafanyia kazi kwenye mbao za kitanda, na usiku nililala juu ya vumbi lililobaki. Mbao za mbavu, za kuunda tumbo, nilizipata kwenye kabati la nguo lililotupwa. Ile ya uso, ambayo ndiyo roho ya udi, niliibandua kwenye mgongo wa piano lililoachwa nje ya ukumbi wa kanisa na karatasi inayosema chukua.

Mzee Kombo alipanda kuja kunigombeza mwezi wa Januari. Nilifungua mlango nikamkuta amevaa koti juu ya kanzu, kofia ya sufu juu ya kofia ya kiua.

"Wewe ndiye unayekwaruza?"

"Shikamoo, Mzee. Samahani. Ni randa."

"Marahaba. Randa ya nini? Unachonga jeneza humo?" Akachungulia nyuma ya bega langu, akaona tumbo la udi limelala kifudifudi kitandani, mbavu zake bado hazijasafishwa. "La kuku?"

"Ni udi, Mzee."

Aliingia bila kuvua koti, akainama, akagonga mbavu zile kwa kifundo cha kidole, mara moja, halafu mara ya pili sehemu nyingine, ameinamisha sikio kama daktari. "Nani kakufundisha?"

"Simu."

"Simu!" Alicheka mpaka akashika kitasa. "Yakhe, mimi nimekula makofi miaka minne ndipo nikaruhusiwa kukamata risha ya kupigia. Wewe umefundishwa na simu. Hata kofi moja haikukupiga?"

Jumamosi iliyofuata aliniita jikoni kwake. Alikuwa amepika muhogo wa nazi, na Zuhura alikuwepo, ametoka shifti ya wodini, miguu ameinyoosha juu ya kiti cha pili. Mzee alikula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuweka juu ya meza, kiganja juu, akautazama kama mgeni aliyekaa bila kualikwa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kukunjika. Mishipa, alisema. Daktari amemwambia vinavyokwenda havirudi, na vitakavyofuata hajui lini. Zuhura angeolewa Septemba. "Nataka nipige moja tu," Mzee akaniambia. "Bibi harusi akiingia. Nyumbani nilikuwa nakaa kiti cha mbele cha taarabu, ati, muulize yeyote wa umri wangu. Nchi hii nimefuta viti vya mabasi miaka thelathini, uzi sikugusa. Huyu binti yangu hajaniona nikifanya kitu nisichotumwa." Zuhura alisema anaweza kumtafutia udi mtandaoni, ufike ndani ya wiki. Ndipo nikafanya jambo ambalo siku hizi nikilikumbuka hunibidi nisimame. Nilimwomba asinunue. Nilisema nitamtengenezea mimi, utakuwa bora kuliko wa dukani. Niliapa mbele ya sahani ya muhogo. Mzee akanitazama, akamtazama binti yake, akasema, "Basi. Kijana kaapa."

Udi wa kwanza ulishika nyuzi mwezi wa Machi. Nilimshushia siku ya Jumapili mchana, umefungwa kwenye taulo. Alinawa mikono kwanza. Akaukalisha pajani, akalinganisha nyuzi bila haraka, akapiga, na mimi nikasikia kila kosa langu likitajwa kwa sauti. Ulikuwa umeziba. Ulilia kama mtu anayeongea ndani ya kabati. Uzi wa tatu ulikwaruza ukigusa shingo, na noti za chini hazikutoka kabisa, zilikufa palepale zilipozaliwa. Nilijua sababu. Mihimili ile ya ndani inayoshikilia uso nilikuwa nimeiacha minene kwa woga wa kuvunjika, kwa hiyo uso haukuweza kupumua. Mzee aliendelea kupiga. Alifumba macho, vidole vyake vitatu vizima vikifanya kazi ya vitano, akakosea, akarudia, akacheka peke yake. Chai yake ikapoa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na friji nikihesabu kasoro.

Alipomaliza nilinyoosha mikono kuuchukua.

"Wapi?" akasema.

"Bado, Mzee. Hauna sauti. Nipe wiki mbili niurekebishe."

"Niachie mie hivyo hivyo. Nizoeze vidole."

"Huu hauwezi kutoka mikononi mwangu, Mzee. Watu watausikia."

"Watu gani? Mimi na friji?"

"Wiki mbili tu."

"Skiza wewe. Mimi sikukuuliza sauti. Nimekwambia vidole." Alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. Lakini mikono yangu ilikuwa bado imenyooka, na mimi nilikuwa mtu ambaye hata kadi ya salamu aliiandika kwanza kwenye karatasi nyingine. Niliona aibu yangu imekaa pajani mwa mtu na sikuweza kuiacha hapo. Akanipa. "Haya, Bwana Kesho," akasema. Jina hilo lilinishika kuanzia siku ile.

Kabla hata sijafika ghorofani nilikumbuka gundi. Nilitoa nyuzi, nikaziweka kando za kutumia tena. Nikapasha kisu, nikajaribu mvuke wa birika, nikajaribu maji ya moto kwenye kitambaa, na ile gundi iliyoapa kwenye chupa ikatimiza kiapo. Uso haukuachia. Niliendelea mpaka mbao yenyewe ikaachia. Kisu kiliteleza kikapasua ukingo wa chini, mpasuko mrefu kama shubiri, nyuzinyuzi za msonobari zimesimama kama nywele. Nilikaa chini. Halafu nikauchukua udi ule, siwezi kusema nilikuwa na hasira, nilikuwa na haraka, kama mtu anayefuta ujumbe kabla haujasomwa, nikashuka nao mpaka chumba cha mapipa, nikausimamisha nyuma ya godoro la mtu, nikaondoka. Mlango nilisahau kuushika. Ulijifunga kwa kishindo. Mzee Kombo hakutokea dirishani, na mimi nikashukuru.

Watu wananiuliza siku hizi, wakiona nyuso za udi zilizopasuka ukutani kwenye karakana yangu Barking, kama nazitunza kwa huzuni. Hapana. Nazitazama ninapokwama, maana kila moja ni mahali ambapo mkono wangu ulifika na kitu kikakataa, na kukataa huko kunaniambia zaidi kuliko udi uliokubali. Uliokubali sijui umekubali kwa nini. Lakini hayo ni maneno ya sasa. Mwaka ule sikujifunza chochote kutoka kwa udi wa pili, ambao niliukausha kwenye kabati la boila la kupashia maji ili niwahi, uso ukapasuka katikati kwa mlio kama bisibisi imeanguka. Wala kutoka kwa wa tatu, ambao shingo yake ilinyanyuliwa na nyuzi ndani ya siku nne. Niliona tu kalenda. Nilikuwa nikila mkate nimesimama, nikipima, nikifuta. Mzee alipanda kila Jumamosi kuangalia. "Bwana Kesho, salama? Leo umevunja nini?" Aligonga kila uso niliouandaa, akaniambia huu mzito huku, huu mwepesi hapa, na mimi niliitikia kwa heshima nikaenda kuamini kipimo changu cha milimita. Kila alipokaa kitandani, nilitazama mkono wa kushoto. Mwezi wa Aprili kidole cha tatu kilikuwa bado kinanyooka. Hilo najua, kwa sababu alinyooshea nacho boila akanitukana.

Mwezi wa Juni niliugua mafua nikabaki nyumbani siku mbili. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, nikiwa chini ya blanketi, nilisikia udi unapigwa chini. Ulinifikia kupitia sakafuni, umeziba, na mkwaruzo ndani yake. Mzee alikuwa na redio ya kaseti ambayo aliifungulia mpaka vikombe vitetemeke, kwa hiyo nikajua ni kanda yake mbovu. Nakumbuka nilichowaza, na naandika kama kilivyokuwa: mkono huo mzuri unastahili udi bora. Nikanyanyuka na homa yangu nikaenda kupiga msasa, kwa ajili yake. Muziki wa chini ukakatika palepale.

Wiki hiyo hiyo, nikishuka kumrudishia bakuli, nilisimama nje ya mlango wake ulioachwa wazi kidogo, nikasikia Zuhura akisema kwa Kiingereza, "Mwambie tu, Baba. Si haki." Mzee akajibu kwa Kiswahili, "Usimwambie kitu. Mwache amalize." Nilirudi ngazini na bakuli langu. Nilidhani wanazungumza habari za daktari. Nilidhani vidole vimekwisha na wananihurumia, na badala ya kubisha hodi nikauliza, nikaongeza mwendo. Kama huna subira na woga wako mwenyewe, unaweza kupita karibu na jibu na bakuli mkononi.

Udi wa nne ulikuwa mzuri. Nasema hivi bila kujisifu, kwa kuwa wanaojua wameusikia tangu hapo na wamesema. Nilikuwa nimetumia gundi ya ngozi, mara mbili niliufungua na mara mbili nikaufunga, na katikati ya Agosti uliimba. Harusi ilikuwa wiki tatu mbele. Ningeweza kuushusha siku ile ile. Lakini kwenye rangi ya mgongo, ukiinamisha taa, kulikuwa na alama ya kidole changu, ndogo kama punje ya mchele. Nikaikwangua rangi yote nikaanza upya. Rangi ile hutaka siku nyingi, safu juu ya safu. Mzee aliponiuliza nikamwambia kesho. Alipouliza tena, Zuhura alikuwa naye, na nikamwona akimshika baba yake kiwiko. "Uache ukauke," Mzee akasema. "Hapana haraka." Ndiyo mara ya pekee aliyosema hivyo mwaka mzima, na nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani ameanza kunielewa.

Niliukabidhi asubuhi ya harusi yenyewe, ukumbini Barking, kati ya meza za biriani na vijana wanaofunga spika. Mzee alivaa joho jeusi juu ya kanzu. Alipitisha kiganja kwenye mgongo wa udi, ule niliokuwa nimeukwangua kwa ajili ya punje ya mchele. "Maashallah," akasema. "Umeng'aa kama kiatu." Halafu bibi harusi akatangazwa, watu wakasimama, spika zikazimwa kwa amri ya Mzee Kombo, naye akakaa kwenye kiti kimoja mbele ya ukumbi. Akaweka mkono wa kushoto kwenye shingo. Nilikuwa karibu, niliuona vizuri. Vidole vilikuwa vimejikunja vyote isipokuwa gumba, vikashika shingo kama vinavyoshika ufito wa kujizuia basi likitembea. Akapiga kwa risha nyuzi wazi, bila kubana hata uzi. Mara moja. Zikalia vizuri mno. Akapiga tena, chini mpaka juu. Mara ya tatu. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na maua, anamtazama baba yake, hatembei. Watu walidhani analinganisha nyuzi. Walisubiri kwa adabu. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza kwa sauti kama udi umevunjika, "Is it broken?" Na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilisikiliza jinsi noti ya chini inavyodumu.

Mzee akanyanyua kichwa akatabasamu kwa ukumbi mzima. "Udi mzuri huu," akasema. "Katengeneza kijana wetu, huyu hapa. Haya, wekeni muziki, bibi harusi asichoke." Vijana wa spika wakaweka muziki. Watu wakanipigia makofi. Walinipigia makofi mimi.

Nilihama Woolwich majira yale ya baridi. Nilisema ni kwa sababu ya kodi na safari. Udi wa nne Mzee alinirudishia, alisema utaharibika kwake, auchukue mwenye mikono, na baadaye nikampa mpigaji mmoja wa Nairobi anayesoma hapa. Kila Idi nilimpigia Mzee simu. "Bwana Kesho! Utakuja lini?" Nikasema karibuni, Mzee, inshallah. Idi kumi na nne za namna hiyo. Nilijua njia. Ni treni moja na basi moja.

Kwa hiyo mwezi uliopita niliingia jikoni mle nikiwa nimejiandaa kwa hukumu. Ukuta ulikuwa na alama nyeupe mahali pa kalenda. Zuhura alinipa chai kwenye kikombe pekee kilichobaki, akaenda chumbani, akarudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka. Akakiweka juu ya meza akafungua.

Ulikuwa udi wa kwanza. Nilijua kwa mbavu za kabati la nguo, moja bado ina tundu la kitasa nililoliziba vibaya. Mpasuko wa shubiri kwenye ukingo wa chini ulikuwa umezibwa kwa kipande cha kanzu nyeupe, kimebandikwa kwa kitu kilichokauka kama maganda. Nilikisugua kwa ukucha. Uji wa unga wa ngano. Nyuzi zilikuwepo, zimeshika kutu. Na chini ya nyuzi, mahali risha inapopita, mbao ilikuwa imekwanguliwa mpaka ikawa nyeupe, alama pana kama nusu ya kisahani. Kwenye shingo kulikuwa na madoa meusi ya jasho la vidole, matatu juu, halafu mawili, halafu moja, yakishuka. Mbao haichakai hivyo kwa siku moja wala kwa wiki.

"Aliutoa kwenye mapipa siku ile ile," Zuhura alisema. "Alisikia mlango. Nyuzi nilinunua mimi. Alikuwa anapiga kila asubuhi ukishakwenda kazini, na kabla hujarudi anaufunga kwenye shuka. Siku uliyobaki nyumbani unaumwa alishtuka, akanipigia simu wodini kama mwizi. Alipiga mpaka Julai. Julai vidole vikaisha."

"Julai," nikasema.

"Ndiyo."

Nikapiga hesabu bila kutaka. Udi wa nne uliimba katikati ya Agosti. Hata ningeushusha siku ile ile, ningekuwa nimechelewa. "Kwa hiyo harusini alijua."

"Alijua. Mimi nilimwambia asikae kile kiti. Akasema kijana kahangaika mwaka mzima, nitamwachaje amesimama na udi wake?"

Nilitazama kikombe. Nikamuuliza swali lililokuwa limenibana tangu alipofungua shuka: kwa nini hakuniambia? Miezi minne nilipanda na kushuka ngazi juu ya kichwa chake. Angeniambia neno moja tu. Zuhura akanitazama, na safari hii akaacha Kiingereza, akalisema polepole, kwa lafudhi yake ya hapa, ili nisipate pa kujificha.

"Alisema ungemnyang'anya tena."

Ni kweli. Ningepanda nao ngazi siku ile ile.

Baadaye, alipotoka kupeleka masanduku garini, niliukalisha pajani. Nikafanya kama Mzee, nikagonga uso kwa kifundo cha kidole, mahali kadhaa, nimeinamisha sikio. Juu ulikuwa umeziba kama nilivyouacha. Lakini chini, upande wa mpasuko, sauti ilikuwa nyingine. Kisu changu kilipopasua ukingo kiliachilia uso mahali nilipokuwa nimeubana, na kile kitambaa laini kiliushika bila kuukaza. Nikalinganisha uzi mmoja wa chini, kwa woga usikatike, nikaupiga. Ulikwaruza. Halafu chini ya mkwaruzo kikatoka kitu kizito, kipana, ambacho sijakipata kwenye udi wangu wowote uliokubali, na nimetengeneza zaidi ya ishirini. Si sauti nzuri. Ningekuwa na miaka ishirini na tatu ningeitupa tena. Nilikaa jikoni mle nikaipiga mpaka Zuhura akarudi kuniambia anafunga.

Udi huo sasa upo Barking, si ukutani pamoja na nyuso zilizopasuka bali kitini. Nimepima ukingo wake kila upande na ninajaribu kuunda mwingine ulioachiliwa pale pale kwa makusudi. Majaribio mawili yameshindwa. Siwezi kuufungua nione ndani, gundi ile haifunguki. Kinachofunguka ni kiraka cha Mzee peke yake, maji ya vuguvugu yangetosha, na sikigusi.

Siku hizi natumia gundi ya ngozi. Udi ukishaweza kushika nyuzi naukabidhi siku niliyoahidi, na ndani yake, kabla sijafunga uso, naandika kwa penseli yale ninayojua hayako sawa. Mwenyewe akitaka niurekebishe, atauleta. Mimi siufuati.